Mzazi na masomo ya mtoto wa shule ya msingi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa miaka mingi ya kufundisha madarasa ya chini, mengi nimeulizwa mlangoni mwa darasa mzazi akiwa anakimbilia kazini, mengine nimeulizwa saa tatu usiku kwenye simu. Ukiwa na haraka ruka moja kwa moja kwenye swali lako, pale ambapo jambo nimeshalieleza sehemu nyingine nitakuelekeza huko.

## Ya mwanzo kabisa

Kumfuatilia mtoto kimasomo maana yake hasa nini?

Wengi wakisikia hivo wanawaza kukaa na mtoto mezani na kumfundisha upya kile mwalimu alichofundisha asubuhi. Hapana. Kufuatilia ni kujua mtoto wako leo kajifunza nini, anaweza nini na kakwama wapi, alafu kumtengenezea mazingira ya kuendelea. Kuongea naye, kumsikiliza akisoma, kufungua daftari, kuhakikisha kalala mapema, kujuana na mwalimu wake, yote hayo ni kufuatilia.

Kuna mtafiti wa Marekani, Joyce Epstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliugawa ushiriki wa mzazi katika aina 6: malezi yenyewe, mawasiliano na shule, kujitolea kazi za shule, kujifunza nyumbani, kushiriki maamuzi ya shule, na kushirikiana na jamii. Ukiangalia hiyo orodha utaona kwamba kuhudhuria vikao ni kipande kidogo tu, na mzazi ambaye haonekani shuleni sana anaweza kuwa anafanya kazi kubwa nyumbani bila mtu kujua.

Kwani hiyo si kazi ya mwalimu? Mimi si nimeshampeleka shule?

Kufundisha ni kazi ya mwalimu, hilo sibishi. Ila mwalimu ana watoto wengi darasani na wewe una huyo mmoja au hao watatu. Mwalimu akimsikiliza kila mtoto akisoma kwa dakika mbili tu kipindi kinaisha hajafika nusu ya darasa, we ukimsikiliza wako dakika 10 jioni umempa muda ambao darasani hawezi kuupata wiki nzima.

Mwaka 2003 Uingereza walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu hili jambo, waliouandika ni Charles Desforges na Alberto Abouchaar, na walichokuta ni kwamba kwa watoto wa umri wa shule ya msingi, kile mzazi anachofanya nyumbani kina uzito mkubwa kwenye maendeleo ya mtoto kuliko tofauti ya ubora kati ya shule na shule. Hiyo sentensi naomba uisome tena, hasa kama unahangaika kila mwaka kumhamisha mtoto shule.

Mimi mwenyewe sikusoma sana, nitamsaidia nini?

Hili swali linaniuma kila nikilisikia, kwa sababu anayeuliza mara nyingi anauliza kwa sauti ya chini kama anaomba msamaha. Mzazi mwenzangu, huhitaji kujua jibu ili umsaidie mtoto. Mwambie akufundishe wewe. "Hebu nielezee, hapa umefanyaje?" Mtoto akianza kueleza, mambo mawili yanatokea, kwanza anajigundua mwenyewe pale alipopotea, pili kile anachokijua kinakaa kichwani maana kukumbuka kitu na kukisema kwa maneno yako ndo kunakifanya kisipotee.

Hata kama hujui kusoma kabisa, mtoto akikusomea utasikia kama anasita, kama anarukaruka, kama anasoma mfululizo. Na akimaliza mwambie akusimulie. Stori ikikosa kichwa na miguu utajua, hilo halihitaji cheti. Alafu hadithi ulizosimuliwa wewe ukiwa mdogo, vitendawili, methali, hizo zote ni maneno mapya kwa mtoto, na mtoto mwenye maneno mengi kichwani anaelewa haraka anachokisoma.

Narudi usiku, mtoto ameshalala. Nifanyeje?

Usijaribu kulipia wiki nzima siku ya Jumapili, mtoto anachoka na we unachoka. Tafuta dakika zilizopo tayari: wakati wa kumvalisha asubuhi, njiani kwenda kituoni, au simu ya dakika tano ukiwa mapumziko ya kazi. Mama mmoja alikuwa na utaratibu ambao mpaka leo nawasimulia wengine, kila usiku akirudi anafungua daftari moja, anaandika kwa penseli pembeni sentensi moja tu, "Nimeona umeandika herufi r vizuri leo" au "Hapa namba 4 sijaelewa, kesho asubuhi nieleze". Mtoto akiamka kitu cha kwanza anakimbilia begi. Hawakuwa wanaonana zaidi ya nusu saa kwa siku lakini yule mtoto alikuwa anajua kabisa kwamba kazi yake inaonwa.

Kama kuna mtu anayekaa naye, bibi, kaka mkubwa, jirani, huyo ndo wa kukabidhi zamu ya kumsikiliza akisoma.

## Homuweki

Nikae naye pembeni au nimwache afanye mwenyewe?

Inategemea umri. Darasa la kwanza na la pili kaa karibu, siyo kumshikia kalamu, ila uwe hapo hapo unafanya shughuli yako, kwa sababu mtoto wa miaka saba bado hajajua kujipanga na akikwama kidogo anaanza kuchezea ufutio. Kuanzia la tatu, la nne, unaanza kusogea mbali kidogo kidogo. Unamwacha aanze mwenyewe, unarudi kuangalia katikati, na mwisho anakuletea umuone.

Cha msingi kuliko vyote ni saa na sehemu. Muda ule ule kila siku, sehemu ile ile, simu na televisheni zikiwa zimezimwa, hata kama hiyo sehemu ni mkeka na stuli. Vurugu nyingi za homuweki zinatokana na kwamba kila siku inafanywa muda tofauti kwa hiyo kila siku inabidi mgombane upya.

Amekwama, nimpe jibu?

Usimpe jibu, na usikimbilie pia kumfundisha. Anza kwa kumwambia akuonyeshe alivyofanya. Nikupe mfano ninaokutana nao kila mwaka: 52 kutoa 17. Mtoto anaandika 45. Mzazi akiona anasema "umekosea, rudia", mtoto anarudia anapata 45 tena, mzazi anapandisha sauti, machozi. Sasa muulize ulifanyaje. Atakwambia "saba toa mbili ni tano, tano toa moja ni nne". Umeona? Hajabahatisha. Ana kanuni yake kichwani, kwamba siku zote unatoa kidogo kwenye kikubwa, na kwa sababu kwenye nafasi ya mamoja 7 ni kubwa kuliko 2 yeye kageuza. Akipewa 63 kutoa 28 ataandika 45 tena kwa njia ile ile, na ukimwambia "rudia" hata mara kumi hiyo kanuni haiondoki.

Chukua njiti, funga mafungu matano ya kumi kumi na uache njiti mbili nje. Mwambie atoe 17. Atachukua fungu moja la kumi, sasa anataka saba na nje zipo mbili tu. Subiri. Usiseme kitu. Wengi watakuangalia usoni, alafu wataangalia mafungu, alafu mkono unaenda wenyewe kufungua fungu moja. Pale pale ndo ameelewa kukopa ni nini, zinabaki mafungu matatu na njiti tano, 35. Hiyo dakika moja ya kunyamaza ni ngumu sana kwa mzazi lakini ndo yenye faida.

Kama mmejaribu na bado imegoma, acha wazi, andika pembeni "hapa hajaelewa" na umwache aende nayo shule hivyo hivyo. Daftari lenye tiksi tupu kumbe kafanya mzazi linamdanganya mwalimu, anaamini somo limeeleweka anaendelea na lingine.

Njia wanayofundishwa siku hizi siyo ile tuliyofundishwa sisi, nimfundishe ya kwangu?

Muulize kwanza ya kwake. Mtoto anayeanza kujifunza akipewa njia mbili kwa mpigo anachanganya, anachukua kichwa cha hii na mkia wa ile. Mkishakuwa na uhakika ya shule ameishika, hapo ya kwako unaweza kumwonyesha kama njia ya kuhakiki jibu.

Hisabati mimi mwenyewe inanitisha toka zamani, je itamwathiri?

Inaweza. Mwaka 2015 kina Erin Maloney na Sian Beilock wa Chicago walitoa utafiti kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili, wakakuta kwamba watoto wa wazazi wenye hofu ya hisabati walijifunza hesabu kidogo kwa mwaka na wao wenyewe wakaanza kuogopa, lakini angalia hapa, hilo lilitokea pale ambapo wazazi hao walikuwa wanawasaidia homuweki mara kwa mara. Hofu inapita kwenye maneno na kwenye kupumua kwa nguvu.

Kwa hiyo acha kabisa kusema "sisi kwenye ukoo wetu hesabu hapana". Badala ya kukaa naye kwenye daftari tumia hesabu za maisha: apange sahani kulingana na watu, asome saa, akadirie ndoo inajazwa na makopo mangapi alafu mhakikishe. Na ya daftari tumia ile njia ya "nionyeshe", haikuhitaji wewe kujua.

Homuweki ni nyingi mno / hapewi kabisa. Ipi ni sawa?

Harris Cooper, ambaye amechambua tafiti za homuweki kwa miaka mingi huko Marekani, anatumia kipimo cha dakika 10 kwa kila darasa, yaani la kwanza dakika 10, la tatu 30, la sita saa moja. Na yeye huyo huyo anasema kwa watoto wa shule ya msingi uhusiano wa homuweki na kufaulu ni mdogo sana ukilinganisha na wa sekondari. Mtoto wa la pili anayekaa saa mbili kila jioni akilia, hilo ni la kuongea na mwalimu, siyo la kumkaza mtoto.

Asipopewa pia usihangaike kumtungia mazoezi kurasa tano. Msikilize akisoma, inatosha.

## Kusoma

Nitajuaje kama anasoma kweli au amekariri?

Watoto wana kumbukumbu kali sana, ukurasa waliousikia darasani mara tatu wanaweza kuutiririsha wote macho yakiwa kwenye picha. Funika picha kwa kiganja. Alafu nyoosha kidole kwenye neno la katikati ya mstari, siyo la kwanza, muulize hili ni neno gani. Akilazimika kuanza mwanzo wa sentensi ndo alifikie, amekariri. Jaribu pia kumwandikia kwenye karatasi sentensi ambayo haipo kwenye kitabu, yenye maneno yale yale umeyapanga tofauti.

Sikiliza na zile herufi zinazokwenda pamoja: mb, nd, ny, ng na ng'. Mtoto akisoma "ng'ombe" kwa sauti ile ya "ngoma" usimkatishe hapo hapo, mwache amalize sentensi, wengi wanajishtukia wenyewe maana sikio linakataa. Asiposhtuka mrudishe kwenye lile neno tu.

Anasoma vizuri kabisa lakini ukimuuliza kasoma nini hajui.

Hili kwa Kiswahili ni la kawaida sana, na linawapitia wazazi wengi kwa sababu lugha yetu inatamkwa kama inavyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishajua silabi anaweza kusoma hata gazeti zima bila kuelewa chochote, na nyumbani mnapiga makofi. Wataalamu Philip Gough na William Tunmer mwaka 1986 waliliweka vizuri: kusoma ni kuzidisha, uwezo wa kutamka maandishi mara uwezo wa kuelewa lugha. Kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri.

Dawa yake ni kumsimamisha njiani. Kila aya moja au mbili, funga kitabu, "enhe, ikawaje?" Alafu "unadhani atafanya nini sasa?" Neno gumu likitokea muulize yeye kwanza analidhania nini, ndo umweleze. Na endelea kumsomea wewe hata kama ameshajua kusoma mwenyewe, maana anachoweza kuelewa kwa masikio kiko juu sana ya anachoweza kusoma, maneno mapya anayapata huko.

Shule inafundisha kwa lugha ambayo nyumbani hatuongei. Nianze kumwongelesha hiyo?

Ongea naye lugha unayoijua vizuri kuliko zote. Mtoto anayejua kueleza sababu, kulinganisha na kusimulia kwa lugha ya nyumbani anahamisha huo uwezo kwenda lugha nyingine, anachotakiwa kuongeza ni maneno. Ukimwongelesha lugha unayoibabaisha mazungumzo yanabaki "njoo, kaa, kula, lala", na mtoto anakosa yale maongezi marefu ambayo ndo yanajenga akili. UNESCO wamekuwa wakitetea lugha ya mama kwenye elimu ya mwanzo tangu 1953. Lugha ya shule mpe kupitia vitabu na nyimbo, na kwa watu wanaoiongea vizuri.

## Mwalimu na shule

Niende shule wakati gani? Naogopa kuonekana msumbufu.

Nenda mapema kabla hakujaharibika kitu, wiki za mwanzo za muhula, dakika tano, ujitambulishe tu. Mwalimu anayekujua sura atakupigia mapema. Mtu wa kwanza kumwona siku zote ni mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu ni baada ya hapo kama haijatatulika.

Na usiulize "mtoto wangu anaendeleaje", utajibiwa "anaendelea vizuri" na mtaachana. Uliza: kwenye kusoma yuko wapi ukilinganisha na anapotakiwa kuwa sasa hivi? Kitu gani kimoja niongeze nyumbani mwezi huu? Akikosea darasani anauliza au ananyamaza? Anakaa na nani? Hayo hayajibiki kwa neno moja.

Mtoto anasema mwalimu anamchukia.

Msikilize mpaka mwisho bila kumkatiza na bila kumlaani mwalimu mbele yake. Muulize leo kumetokea nini, mwalimu alisema maneno gani, wewe ulikuwa unafanya nini. Saa ingine utakuta hasomi ubaoni kwa sababu haoni vizuri na kila siku anaambiwa mvivu. Alafu nenda ukasikilize upande wa pili, kwa kuuliza siyo kwa kushtaki. Kama ni kupigwa, kudhalilishwa au kushikwa vibaya, hapo hakuna kusubiri kikao, nenda siku hiyo hiyo kwa uongozi na usimwache mtoto arudi darasani peke yake na hilo jambo.

Group la wazazi la WhatsApp linanichanganya, kila mtu anatangaza wa kwake.

Litumie kwa matangazo na kuuliza homuweki ilikuwa ukurasa gani. La mtoto wako mwandikie mwalimu pembeni.

## Matokeo, sifa na adhabu

Ripoti imekuja, ameshuka sana. Nianzie wapi?

Kwanza usiisome mbele yake ukiwa umekasirika, iweke mpaka kesho. Ukiisoma achana na nafasi aliyoshika, hiyo inakwambia kuhusu wenzake. Angalia somo kwa somo, alafu omba karatasi zenyewe za mtihani. Kwenye karatasi utaona kama hakujua, kama hakumaliza muda ukaisha, kama hakuelewa swali limeulizwa nini. Hayo ni matatizo matatu tofauti kabisa na yana tiba tofauti. Kama makosa yanafanana fanana rudi kule kwenye mfano wa 52 kutoa 17.

Angalia na usingizi. Wataalamu wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kwa muda wa saa 9 mpaka 12 kila siku. Wengi wa watoto ninaowaona wanasinzia kipindi cha pili walikuwa na simu mpaka usiku mkubwa.

Nimsifie vipi? Nikimwambia ana akili si atajiamini?

Inaonekana hivyo lakini kuna jaribio maarufu la Claudia Mueller na Carol Dweck la 1998. Watoto walifanya maswali ya ugumu wa wastani, wengine wakasifiwa kwa akili na wengine kwa bidii, alafu wakapewa magumu wakashindwa. Waliosifiwa akili ndo walikata tamaa haraka, na walipendelea kazi rahisi, yaani walikuwa wanailinda ile sifa. Kwa hiyo sifia kitendo ulichokiona kwa macho: "umefuta mara tatu ukarudia mpaka herufi zimekaa kwenye mstari".

Nikimchapa akifeli si atashika adabu?

Hapana, na nasema hivi nikiwa nimewaona wengi. Mtoto anayechapwa kwa kukosea anajifunza kuficha: kuchana karatasi, kuiga kwa mwenzie, kusema hakuna homuweki. Na mtoto anayeficha makosa huwezi kumsaidia maana hujui alipo.

Tuisheni je?

Kama kuna kitu mahususi hajaelewa na anayefundisha atashughulika na hicho, sawa. Kama ni kurudi kwenye darasa lingine lililojaa baada ya siku nzima, anahitaji kucheza na kulala zaidi.

## Hali ngumu zaidi

Yuko darasa la nne na kusoma bado kabisa. Nimechelewa?

Hujachelewa, ila usisubiri mwaka mwingine ukidhani ataamka mwenyewe. Anza na macho na masikio, vipimwe hospitali. Alafu kaa na mwalimu mjue amekwamia hatua gani hasa, sauti za herufi, kuunganisha silabi, au maneno marefu, na mrudi hapo hapo bila aibu hata kama ni vitabu vya la kwanza, dakika 15 kila siku. Mtoto anayefundishwa vizuri na kwa uvumilivu lakini bado anachanganya sauti na herufi anaweza kuwa na disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, ambayo haina uhusiano na uvivu wala upungufu wa akili, omba aonwe na mtaalamu. Na usiruhusu mtu yeyote ndani ya nyumba amwite mjinga.

Tumeachana na mwenzangu, nani afuatilie?

Wote. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unasema wazi kwenye kifungu cha 18 kwamba malezi ni jukumu la pamoja la wazazi wote wawili. Kiutendaji: shule iwe na namba zenu zote mbili, ripoti ipigwe picha itumwe kwa mwingine siku hiyo hiyo, na daftari lisafiri na mtoto. Msimtumie mtoto kupeleka ujumbe wa ada, anaubeba darasani.

Nitaanza lini kumwachia? Naona namfuatilia mpaka ananiogopa.

Dalili ni hizi: anakuangalia usoni kabla ya kuandika jibu, anafuta kitu ambacho kilikuwa sahihi kwa sababu umeguna, anakuuliza "niandike?" kwenye kila swali. Ukiziona rudi nyuma hatua moja. Kaa chumba kingine, mwambie "maliza ukurasa ndo uniite", na akikuita anza na yale aliyopata. Kosa moja au mawili yaache yaende shule. Wiki ya kwanza atakuita kila dakika mbili, mjibu tu "jaribu kwanza, mi niko hapa", na mwisho wa wiki ya pili utashangaa umekaa robo saa nzima na hajaita.